FUNDI NYUMBANI: Seva Inapohamishwa Chumba

Mke wa askari hahitaji kufundishwa maana ya uhamisho. Amri hufika jioni, na kabla jua la siku ya pili halijapanda, sufuria zimefungwa kwa kamba, godoro limekunjwa, na watoto wameketi juu ya sanduku la bati wakingoja lori. Aliyewahi kuhama kutoka kambi moja hadi nyingine ajua pia kwamba vyombo si taabu. Taabu ni kuwajulisha watu. Barua huendelea kwenda katika nyumba ya zamani, mshahara hukwama kwa sababu jina halijaingizwa katika daftari la kikosi kipya, na mtoto wa darasa la tatu, akitoka shuleni, hufuata miguu yake mpaka mlango usio wao tena.

Kompyuta nayo huhamishwa, na taabu yake ni hiyo hiyo. Juma hili ukurasa huu wazungumzia kazi ambayo imeanza kuwafikia walimu, wauguzi na makarani wa vituo vilivyo mbali na mji: kuutoa mfumo endeshi wa seva katika sehemu moja ya diski na kuupeleka katika sehemu nyingine, bila kuusimika upya na bila kupoteza hata alama moja ya mtoto.

Neno seva lisimtishe msomaji. Ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake ni kuzitumikia wenzake. Hukaa pembeni, mara nyingi bila hata kioo cha kutazamia, na simu na kompyuta ndogo zilizo karibu huiomba vitabu, picha na madaftari kwa njia ya mawimbi. Mfumo endeshi ndio mkuu wa nyumba humo ndani: huamka wa kwanza, hugawa kazi, huweka kumbukumbu za kila aliyeingia na kila aliyetoka. Mkuu huyo asipoamka, nyumba nzima hulala.

Mahali panapoonyesha vizuri thamani ya chombo hiki ni Rubondo. Rubondo ni mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Kanda nyingine ni Base Camp na Juru. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, zaidi ya laki moja. Kiswahili hapo si lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi tu, kama kilivyojulikana Uganda kwa miaka mingi. Ni lugha ya sokoni, kanisani na kisimani. Intaneti hununuliwa kwa vipande katika simu, na huisha kabla somo halijaisha. Hata aliye na fedha hana hakika nayo: Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Seva iliyomo ndani ya shule haina habari na mambo hayo. Kwa programu ya Kiwix, iliyoanza 2007, ensaiklopidia nzima ya Wikipedia huwekwa ndani ya faili moja, na mtoto huisoma bila kulipa hata shilingi.

Seva nyingi za namna hiyo huendeshwa na Linux, na aina moja yake inayotumika sana ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji mkalimani katika sehemu hizi. Waganda wana obuntu, nao Warundi na Wanyarwanda wa Nakivale hucheka kidogo walisikiapo, maana kwao ubuntu ni ukarimu, na kitu kilichotolewa ku buntu ni kitu cha bure. Na kweli mfumo wenyewe ni wa bure.

Sasa kuhusu hicho chumba. Diski ya kompyuta ni kama jengo moja refu la kota, na fundi anayesimika mfumo huligawa kwa kuta. Kila sehemu iliyogawiwa huitwa patisheni. Desturi hii si ya jana. Ilianza katika kompyuta ndogo mwezi wa Machi 1983, IBM ilipotoa mashine yenye diski ya megabaiti 10, nafasi ambayo leo haitoshi picha chache za simu. Ramani ya kuta hizo iliwekwa mwanzoni kabisa mwa diski, katika kipande cha baiti 512: baiti 446 za maelekezo ya kuamkia, 64 za ramani, na 2 za muhuri. Ramani ya baiti 64 ina mistari minne tu, na kwa sababu hiyo kompyuta nyingi za zamani, zile zinazogawiwa shule baada ya kutumika ofisini, huwa na patisheni kuu nne na si zaidi. Mwenye kukumbuka kipande hicho cha mwanzo ataona baadaye kwa nini kilikaribia kuleta msiba.

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha kazi. Shule yenyewe na watu wake si wa kweli, lakini mambo yaliyowapata ni ya kila siku.

Mwalimu mmoja, mke wa sajini wa polisi aliyehamishiwa Rubondo kutoka Masaka, ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva. Mashine ilikuwa ya zamani, diski yake gigabaiti 500. Aliyeisimika alikuwa ameigawa mara nne na kwenda zake: patisheni ya kwanza gigabaiti 20 kwa mfumo, ya pili ndogo ya kusaidia kumbukumbu, ya tatu gigabaiti 60 zilizoachwa kwa ajili ya mfumo mwingine ambao hakuna aliyeutumia, na ya nne, kubwa kuliko zote, kwa vitabu na filamu za masomo. Asubuhi moja, katika juma la tatu la muhula, seva ilikataa kupokea alama za jaribio. Iliandika kwamba hakuna nafasi.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana wa Kivu ya Kusini, mwenye kibanda cha kutengenezea simu karibu na soko, aliyekuwa amejifunza kazi hiyo mjini Mbarara. Alifika jioni, akaketi, akaandika amri fupi, df -h, ambayo huonyesha kila patisheni na kiasi ilichojaa.

"Mama Mwalimu, chumba cha mfumo kimejaa pomoni."

"Kimejaa nini, mwanangu? Watoto wenyewe hawajaandika hata ukurasa mmoja."

Jibu lilipatikana chini ya folda ya /var. Seva huandika shajara ya kila jambo, usiku na mchana, na isipoamriwa kupunguza huendelea kuandika mpaka imalize karatasi. Huhifadhi pia vifurushi vya programu ilizokwisha kuzisimika, kama mtu anayetunza maboksi matupu uvunguni. Hapo yafaa kusema jambo ambalo mafundi wenye haraka hawalipendi: uhamisho mwingi hauna haja. Amri apt clean hutupa maboksi hayo, na journalctl --vacuum-size=200M huikata shajara ibaki megabaiti 200. Tena yafaa kutazama df -i, kwa maana patisheni yaweza kukosa nafasi ya majina ya mafaili ingali na nafasi ya mafaili yenyewe. Maelfu ya vifaili vidogo hufanya hivyo. Nyumba nyingine zataka kufagiliwa tu.

Kijana alifagia. Patisheni ikashuka hadi asilimia 95, alama za jaribio zikaingia. Lakini programu ya alama na hazina yake ya habari, ambazo aliyesimika aliziweka katika patisheni hiyo hiyo ya mfumo, zilikuwa zikikua kila juma, na ilionekana wazi kwamba kabla ya mwisho wa muhula mambo yangerudi pale pale. Kwa nini basi asiubomoe ukuta na kukipanua chumba? Kwa sababu jirani wa patisheni ya kwanza alikuwa ya pili, na nyuma yake ya tatu. Kuisogeza patisheni mwanzo wake ni kukibeba kila kilichomo hatua kwa hatua, na umeme ukikatika katikati, kilichobebwa hakiko huku wala kule. Penye betri ya jua iliyochoka, kazi hiyo si ya kujaribu. Ile ya tatu ilikuwa tupu, kubwa mara tatu. Kuuhamishia mfumo humo kulimaanisha kunakili, na anayenakili huacha asili ilivyo.

Kabla ya yote, kijana aliipima afya ya diski kwa programu iitwayo smartctl. Hatua hii huachwa na wengi. Diski ikiwa imeanza kuharibika, kuhama kutoka patisheni moja hadi nyingine ndani yake ni sawa na kuitoa familia chumbani na kuipeleka sebuleni katika nyumba ambayo paa lake laanguka. Hapo dawa ni diski nyingine. Ya Rubondo ilikuwa nzima.

Kisha Mwalimu alitaka nakala ya alama, zote, nje ya mashine. Ilitiwa katika flashi, flashi ikatiwa katika kikebe cha chai, na kikebe kikaingia ndani ya sanduku la bati la Sajini.

"Mama watoto," Sajini aliuliza, "siku hizi polisi hulinda na darasa la tano?"

"Baba watoto, wewe funga tu, ufunguo nipe mimi."

Kazi yenyewe ilifanywa usiku, watumiaji wote wakiwa wameondoka. Kijana hakuinakili seva ikiwa macho. Mfumo ulio macho huandika huku ukinakiliwa, na hazina ya habari iliyonakiliwa nusu kabla na nusu baada ya badiliko ni kama hesabu ya duka iliyoandikwa na watu wawili wasioonana. Aliizima, akaiamsha kwa kutumia flashi yenye Linux ya kubebeka, na mfumo wa seva ukabaki umelala ndani ya diski.

Mara moja alitazama lsblk -f, orodha ya diski zote na patisheni zake, akaandika karatasini majina na ukubwa wa kila moja. Jina la diski si la kudumu. Flashi ikichomekwa, iliyokuwa sda jana yaweza kuwa sdb leo. Amri ya kutayarisha patisheni mpya, mkfs.ext4, hufuta yote yaliyomo bila huruma, nayo haijui tofauti ya patisheni tupu na ile yenye vitabu vya shule nzima. Kijana alilinganisha ukubwa, akamsomea Mwalimu kwa sauti, Mwalimu akaitikia, ndipo akabonyeza. Kusoma kwa sauti mbele ya mtu wa pili ni desturi ya maghala ya silaha, na ni desturi njema hata penye kompyuta.

Patisheni ya zamani ilifunguliwa kwa kusoma tu, mahali palipoitwa /mnt/zamani, na mpya ikafunguliwa /mnt/mpya. Unakili ulifanywa kwa rsync, programu iliyotolewa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, kwa mstari huu:

rsync -aAXHx --numeric-ids /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

Herufi zile si pambo. Kila faili katika Linux lina mwenyewe, lina kikundi, lina ruhusa zake na tarehe zake. Mafaili yakihamishwa bila hayo, ni kama kikosi kilichofika kambini askari wote wakiwa wamevuliwa vyeo: watu wapo, ila hakuna ajuaye nani amtii nani, na seva hukataa kuamka au huamka na kumfungulia mlango kila mpita njia. Herufi a huhifadhi mwenyewe, ruhusa na tarehe. A na X huhifadhi ruhusa za ziada na alama zilizofichika. H hutunza mafaili yenye majina mawili yasigeuke kuwa mafaili mawili. Herufi ndogo x huizuia programu isivuke kwenda patisheni nyingine. Maneno --numeric-ids yahitajika kwa sababu flashi ina watumiaji wake, na pasipo maneno hayo programu hulinganisha kwa majina na yaweza kumpa mtu mali ya mwenziwe. Mkwaju ule wa mwisho baada ya neno zamani nao una kazi: ukisahauliwa, ndani ya nyumba mpya hujengwa chumba kiitwacho zamani na vitu vyote husongamana humo.

Wapo wanaopenda amri dd, inayonakili patisheni baiti kwa baiti. Kwa jambo hili haifai sana. Kila patisheni iliyotayarishwa hupewa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 32, mfano wa namba ya askari, isiyofanana na ya mwingine. Dd hunakili na namba hiyo, na kompyuta hujikuta na mapacha wenye namba moja, isijue ni nani aliyeitwa. Tena huleta ukubwa wa zamani: chumba ni cha 60, bali mkeka ni wa 20, na lazima kutandika upya. Anayetumia rsync huanza na patisheni yenye namba yake mwenyewe.

Namba mpya ndiyo iletayo habari ya barua na daftari la mshahara. Ndani ya mfumo kuna faili fupi, /etc/fstab, liorodheshalo patisheni zipi zifunguliwe wakati wa kuamka, na kila moja hutajwa kwa namba yake. Lililonakiliwa lilikuwa bado likitaja namba ya zamani. Kijana aliiuliza namba mpya kwa amri blkid, akafuta ile, akaandika hii, akahesabu herufi mara mbili.

Baada ya hapo hapana budi kuingia ndani ya mfumo uliolala na kuyafanya mengine kutokea humo. Aliziunganisha folda za /dev, /proc na /sys, akatoa amri chroot /mnt/mpya, na tangu hapo kila alichoandika kilifanyika kana kwamba nyumba mpya ndiyo iliyo macho. Zilibaki amri tatu. Ya kwanza, update-initramfs -u, hutengeneza upya kifurushi kidogo ambacho mfumo hukitumia katika dakika ya kwanza ya kuamka. Ya pili, grub-install /dev/sda, huandika katika kile kipande cha baiti 512 na eneo linalofuata habari kwamba mwamshaji sasa yuko patisheni ya tatu. Ya tatu, update-grub, huandika orodha ambayo mwamshaji huisoma.

Ya kwanza ilimalizika. Hapo betri ya jua ikaisha, na chumba kikawa giza.

Hakuna kilichoharibika. Asubuhi, jua lilipopanda, kijana aliikagua patisheni mpya kwa e2fsck, akaikuta salama, akaingia tena kwa chroot, akatoa update-grub. Aliamini kwamba grub-install alikuwa ameitoa usiku. Hakuwa ameitoa. Alizima, akaondoa flashi, akawasha. Seva ikaamka, kurasa zikafunguka, watoto wakasoma. Kijana alipokea ujira wake, akaahidi kurudi kuifuta patisheni ya zamani ili igeuzwe ghala.

Seva ilitumika hivyo siku tisa. Katika siku hizo mitihani ya katikati ya muhula ilifanyika, na alama za madarasa saba ziliingizwa, jioni baada ya jioni, na Mwalimu mwenyewe.

Siku ya kumi kijana alirudi na flashi yake. Alikuwa ameshaichomeka, mkono ukiwa juu ya kitufe cha kuzimia, Mwalimu aliposema jambo ambalo si la ufundi hata kidogo.

"Mwanangu, hebu ngoja. Kama tumehamia nyumba kubwa, mbona jana imeniandikia tena kwamba nafasi inakwisha?"

Kijana alisita. Akaandika findmnt /, amri ijibuyo swali moja tu: mfumo ulio macho sasa hivi unakaa patisheni gani. Jibu likaja: /dev/sda1. Ya zamani.

Kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa isipokuwa kujulishwa kwa mlinzi wa lango. Kile kipande cha mwanzo wa diski kilikuwa bado kikielekeza patisheni ya kwanza, na mwamshaji wa zamani alisoma orodha ya zamani na kuuamsha mfumo wa zamani, ambao haukuwa na ubaya wowote. Nyumba mpya ilikaa siku tisa imefagiliwa, imetandikwa, haina mtu. Alama za mitihani zote ziliandikwa katika ya zamani. Laiti kijana angeizima seva, akaamka kwa flashi na kuifuta patisheni ya kwanza kama alivyokusudia, hakuna ambacho kingemzuia; kutoka katika flashi patisheni hiyo haina mtumiaji, na amri ya kufuta ingetii. Kikebe cha chai kilikuwa na alama za kabla ya mitihani tu.

"Mama," kijana alisema taratibu, "umeniokoa."

"Sijakuokoa. Nimeuliza. Sasa tufanye nini?"

Ilibidi kuanza tena, lakini si tangu mwanzo. Rsync hulinganisha pande mbili na kunakili yaliyobadilika tu. Mara ya kwanza ilichukua karibu saa nzima. Mara hii dakika chache. Kwanza alama mpya zilitiwa katika flashi ya pili, ikaingia kikebeni. Seva ikaamshwa kwa flashi ya Linux, na mstari ule ukaandikwa tena pamoja na maneno mawili ya ziada. La kwanza ni --delete, ili kilichofutwa katika asili kisibaki katika nakala. La pili ni --exclude=/etc/fstab, na hili ndilo linalowaponyoka hata mafundi wazoefu: pasipo hilo, rsync ingeleta tena faili la zamani lenye namba ya zamani na kuifuta kazi ya kalamu ya usiku ule. Orodha ya mwamshaji nayo ilifunikwa na ya zamani, kwa hiyo amri tatu za ndani ya chroot zilitolewa upya, zote, kwa mpango wake.

Safari hii zilikuwa zimeandikwa karatasini, na Mwalimu alishika kalamu. Kila amri ilipomalizika bila malalamiko, aliiwekea alama ya vema kama afanyavyo katika madaftari ya watoto. Grub-install ilipata vema yake saa kumi na moja na robo.

Kompyuta mpya zaidi, zile za ofisi nyingi za Mbarara, hazitegemei kipande cha baiti 512. Zina patisheni ndogo ya pekee ya kuamkia, ambayo hapana budi ifunguliwe mahali paitwapo /boot/efi kabla ya kutoa grub-install, la sivyo habari haifiki panapotakiwa. Na wenye mifumo ya jamii ya Red Hat huongeza faili tupu liitwalo .autorelabel katika mzizi wa mfumo mpya, ili alama za ulinzi zibandikwe upya mara ya kwanza unapoamka. Uamkaji huo huchukua muda mrefu, na asiyejua huuzima akidhani umekwama. Mengine ni yale yale.

Seva ya Rubondo iliwashwa bila flashi. Kabla ya kurasa, kabla ya alama, kabla ya jambo jingine lolote, Mwalimu alitaka ile amri fupi. Jibu lilikuwa /dev/sda3. Kisha df -h: asilimia 32. Akafungua alama za darasa la saba, akatafuta mtoto wa mwisho aliyemwandika juzi jioni, akamkuta na 61 zake za hesabu.

"Sasa ile ya zamani niifute?" kijana aliuliza.

"Imekula nini chako? Iache."

Iliachwa bila kuguswa mpaka shule ilipofunga, ikiwa na mfumo mzima ambao ungeweza kuitwa kazini siku yoyote ile mpya ingegoma. Karatasi yenye alama za vema ilibandikwa kwa gundi upande wa ndani wa mlango wa chumba cha seva. Mwezi wa likizo Sajini alipewa uhamisho wa kwenda Kabale, na Mwalimu, kabla ya kufunga sufuria kwa kamba, alimpeleka mwalimu aliyempokea nafasi mpaka kwenye mlango huo, akamwonyesha karatasi, akamkabidhi ufunguo na kikebe cha chai.